Tuache Kumwambia Mzee "Ni Uzee Tu"

Leo katika ukurasa huu wa afya nataka tuzungumze juu ya neno moja dogo ambalo sisi wa zahanati tunalitumia kila siku, na ninyi majumbani mnalitumia pia. Neno lenyewe ni "uzee". Mzee anakuja akilalamika magoti, kiuno au mgongo. Anaulizwa umri wake, anasema 68. Basi, mazungumzo yamekwisha. "Aa, mzee wangu, huo ni uzee tu." Anapewa vidonge vya kutuliza maumivu, anarudi nyumbani, na baada ya majuma mawili yuko palepale kwenye benchi.

Mimi nasema neno hilo linadhuru na yafaa tuliache. Sisemi hivyo ili kuwalaumu wenzangu. Nimelitamka mwenyewe mara nyingi, na safari moja lilinirudi.

Wanaopajua Kunduchi Mtongani, katika Wilaya ya Kinondoni, wanajua habari za machimbo ya mawe na akina mama wagonga kokoto. Kwa miaka mingi wanawake waliketi pale juani, nyundo mkononi, wakigonga jiwe mpaka liwe kokoto ya kujengea nyumba za mji huu wa Dar es Salaam. Bibi ninayetaka kumsimulia alikuwa mmoja wao. Alisomesha watoto 4 kwa nyundo. Aliponiambia kwamba magoti yanamuuma mwaka wa pili sasa, niliziangalia mvi zake nikalitamka lile neno. Alicheka akasema, "Haya mwanangu, nawe utafika." Nikampa dawa za siku 5. Sikumpima hata presha.

Miezi 3 baadaye aliletwa kwa bajaji, amelegea, midomo imempauka, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Dawa zangu zilipokwisha alikuwa amekwenda duka la dawa akanunua diklofenaki, akaendelea kumeza kimoja asubuhi na kimoja jioni, mara nyingi kabla hajatia kitu mdomoni. Dawa ile ilikuwa imemchimba tumbo na alikuwa anavuja damu ndani kwa ndani. Tulimpeleka hospitali siku ileile, akaongezwa damu, akapona. Magoti yake yalikuwa vilevile.

Nilipokwenda kumjulia hali nyumbani kwake hakunilaumu, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Alikuwa ameamini kabisa kwamba maumivu yake hayana mtu wa kuyashughulikia, kwa kuwa mganga mwenyewe alimwambia ni uzee. Kama ni uzee, atafanya nini zaidi ya kununua cha kumtuliza?

Hebu tulitazame jambo lenyewe. Ni kweli kwamba viungo huchakaa kwa miaka. Gegedu, yaani ile nyama laini ngumu inayotenganisha mifupa kwenye goti, hupungua. Lakini kuchakaa na kuumwa ni vitu viwili. Wako wazee wa miaka 75 wanaotoka Chamazi kwa baiskeli na tenga la machungwa nyuma, na wako watu wa miaka 55 wasioweza kukanyaga ngazi ya daladala. Kama umri peke yake ndio ungekuwa sababu, mambo yasingekuwa hivyo. Tofauti yao imo katika kazi walizofanya, ajali walizopata, uzito wa mwili, magonjwa waliyonayo, usingizi wanaoupata, na kama walipoanza kuumwa walisaidiwa au waliachwa.

Waganga huyaita maumivu kuwa sugu yanapozidi miezi 3. Maumivu ya siku chache yana kazi yake: ukikanyaga msumari, maumivu hukuambia uondoe mguu. Ni kama mbwa wa nyumbani anayebweka mwizi anapoingia. Maumivu sugu ni mbwa aliyezoea kubweka. Mwizi ameondoka zamani, au ni jirani tu anapita, naye bado anabweka usiku kucha na watu hawalali. Mishipa ya fahamu na ubongo vimejifunza kuumwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, limeyapa maumivu sugu nafasi yake yenyewe, si kama kivuli cha ugonjwa mwingine tu. Kwa hiyo bibi anayeumwa goti miaka 2 hasingizii, wala hadeki.

Sasa tuangalie maumivu hayo yanamnyang'anya mtu nini. Hapa ndipo tusipopaangalia sisi wa zahanati, maana mgonjwa anapoketi mbele yetu tunaliona goti, hatumwoni alivyo nyumbani.

Tuanze na choo. Wazee wetu wengi wa leo walikuwa vijana mwaka 1973 wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu walipokusanyika kwenye vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walichimba kwa mikono yao. Leo baadhi yao wanakiogopa choo cha shimo kuliko wanavyoogopa nyoka, kwa sababu kuchuchumaa ni mateso na kuinuka ni mateso zaidi. Mzee anaona haya kumwita mkwe wake aje kumwinua chooni. Basi anafanya nini? Anaacha kunywa maji ili asiende mara kwa mara. Anapunguza kula. Anakosa choo siku 3, mkojo unamuunguza, kichwa kinazunguka, siku moja anaanguka na kuvunjika nyonga. Ukifuata mlolongo huo nyuma utaufikia goti, na nyuma ya goti utamkuta mtu aliyesema ni uzee tu.

Kisha kuna watu. Yule bibi wa Kunduchi aliniambia kwamba jambo lililomuuma kuliko goti ni misiba. Msibani wanawake huketi mkekani. Yeye akiketi chini hainuki bila kushikwa na watu wawili, na kuomba kiti mbele ya wafiwa aliona ni kujikweza. Akaacha kwenda. Akasikia wanasema siku hizi anaringa. Nasi tunajua kwetu mtu asiyezika wenzake anaonekanaje. Wengine huacha msikiti au kanisa kwa sababu hiyohiyo, ingawa sheikh yeyote atakwambia kwamba asiyeweza kusimama anaruhusiwa kuswali ameketi. Mzee anabaki chumbani, usiku hapati usingizi, mchana amenuna, watoto wanasema amekuwa mkali. Huzuni huzidisha maumivu, na maumivu huzidisha huzuni.

Na msidhani hasara ni ya mzee peke yake. Kule Mbagala na Toangoma ni nyumba ngapi ambazo mama hutoka alfajiri kwenda sokoni kwa sababu bibi yupo wa kubaki na watoto? Siku bibi asipoweza kumbeba mjukuu, biashara ya mama imefungwa.

Wengi wa Mbagala asili yao ni kusini, na ningependa wajue kwamba kusini walituachia somo katika jambo hili. Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa wa homa katika uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Wagonjwa waliumwa viungo mpaka wakatembea wamejikunja. Wenyeji waliuita chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kitu kinachomkunja mtu. Mwaka 1955 madaktari waliouchunguza waliandika habari zake kwa jina hilohilo, na leo daktari wa India au wa Brazil anatamka neno la Kimakonde bila kujua limetoka wapi. Ugonjwa huo huenezwa na mbu anayeuma mchana. Homa yake huisha kwa siku chache, lakini kwa baadhi ya watu, hasa wenye umri mkubwa, viungo huendelea kuuma kwa miezi na hata miaka. Nimeuleta hapa kwa sababu ya lile jina. Wamakonde hawakuuita ugonjwa wa goti wala wa kiwiko. Walitazama ugonjwa unamfanya mtu nini, wakalitaja hilo. Sisi tuliosomea tunauliza "unaumwa wapi?" Ingefaa tuongeze na swali lao: maumivu haya yanakuzuia kufanya nini?

Nilipoanza kuuliza hivyo, kazi yangu ilibadilika. Mzee akisema "siwezi kuchuchumaa chooni", hapo nina la kufanya hata kama kabati la dawa ni tupu. Seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kigoda imara chenye tundu katikati kikawekwa juu ya shimo. Wengine hutoboa kiti cha plastiki, lakini kihakikishwe hakiyumbi. Pigilia mti au bomba ukutani la kushikia wakati wa kuinuka. Bibi akisema "kiuno kinakatika nikifagia", lile fagio la chelewa fupi linalomkunja lifungiwe mpini mrefu. Ndoo ya lita 20 igawanywe iwe madumu mawili ya lita 10, moja mkono huu na moja mkono ule, au wajukuu wakachote, maana nao wana miguu. Kufua kufanyike beseni likiwa juu ya meza. Mambo haya hayana gharama kubwa, na hayamo katika chupa yoyote ya dawa.

Jambo la pili ni mwili kufanya kazi. Najua linashangaza. Mtu anaumwa goti, nawe unamwambia atembee! Lakini nyama za paja ndizo zinazolishika goti, kama kamba zinavyoshika mlingoti wa jahazi. Ukikaa kitandani miezi 2 kwa ajili ya maumivu, kamba zinalegea, mlingoti unayumba, maumivu yanazidi, nawe unazidi kulala. Keti juu ya kiti imara, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka goti linyooke, ushikilie hapo ukihesabu 1 hadi 5, kisha ushushe polepole. Fanya mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Ukizoea, jaribu kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Tembea kidogo kila siku, hata kama ni mpaka kwenye genge na kurudi. Siku za kwanza nyama zitauma kama za mtu aliyelima baada ya likizo. Hiyo si dalili ya kuharibika. Usitegemee mabadiliko kabla ya wiki 6 hivi. Kosa kubwa ninaloliona ni la siku njema: goti limekuachia asubuhi, basi unafua nguo zote za nyumba na kupiga deki vyumba vyote, kesho yake huinuki. Gawa kazi kwa vipande, pumzika kabla hujachoka.

Mnamo Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini. Lilisifu mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na likasema mikanda ya kiuno isitumiwe kama tiba ya kawaida. Nalitaja hilo kwa sababu mikanda hiyo inatembezwa mitaani kwa bei ya kutisha, na nimewaona wazee wakiuza kuku ili wainunue.

Dawa zina nafasi yake, wala sizitukani. Parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol, haiondoi kila kitu, lakini humsaidia mtu kuifanya kazi aliyopanga. Isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na mzee mwembamba, mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe apewe pungufu ya hapo. Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa nzuri kwa siku chache kwa mtu anayefaa. Hatari yake ni hii: kile zinachokizuia ili maumivu yapungue, hichohicho ndicho kinacholinda ngozi ya tumbo na kusaidia damu ifike kwenye figo. Mzee anayezimeza kwa miezi anaweza kutokwa damu tumboni, figo zikadhoofika, presha ikapanda hata kama anameza dawa za presha kila siku. Hatari ya moyo na kiharusi nayo huongezeka. Kumeza baada ya kula hakuondoi hatari hizo. Ile ya kupaka juu ya goti ina madhara machache zaidi, nayo husaidia wengi. Ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, usingoje kesho.

Kuna dawa nyingine za unga au za kuchemsha zinazouzwa bila jina, zinazomfanya mzee aruke kama kijana kwa wiki moja. Muuzaji akikataa kukwambia kilichomo, mwachie.

Hata hivyo, ndugu msomaji, ubaya mkubwa kuliko wote wa neno "uzee" ni kwamba hufunika magonjwa mengine. Mgongo unaouma usiku hata ukiwa umelala, pamoja na kukonda, homa au jasho la usiku, unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hutibika kikigunduliwa mapema, na kikichelewa humwacha mtu na kibyongo au miguu isiyotembea. Kwa mzee mwanamume anayepata taabu ya kukojoa, mgongo unaweza kuuma kwa sababu ya saratani ya tezi dume iliyofika mifupani. Nyayo zinazowaka moto zinaweza kuwa kisukari. Maumivu ya upande mmoja yaliyobaki baada ya mkanda wa jeshi yana dawa zake, wala si parasetamoli. Miguu ikifa ganzi ghafla, au mtu akishindwa kuzuia haja, hiyo ni safari ya hospitali saa ileile. Na kwa walio na saratani, isisemwe kwamba maumivu hayana la kufanywa. Mofini ya kunywa ipo, nayo ikitolewa kwa utaratibu na wanaoijua humpa mgonjwa usingizi na utulivu.

Nchi yetu haikuwasahau wazee katika maandishi. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, na mzee kwa sera hiyo ni mwenye miaka 60 na kuendelea. Katika vituo vya tiba tumeweka dirisha la wazee, na mabango yanayosema mzee apishwe kwanza. Ni jambo jema, ninaliunga mkono. Lakini nataka niseme wazi: kumpisha mzee kwenye foleni ili afike upesi kwa mtu atakayemwambia ni uzee tu, hiyo ni kumharakishia kuvunjika moyo. Na wazee wanaongezeka. Sensa ya 2012 iliwahesabu zaidi kidogo ya milioni 2 na nusu, na ya 2022 ikawakuta karibu milioni 3 na nusu. Umoja wa Mataifa umeutenga muongo wa 2021 hadi 2030 kuwa wa kuzeeka kwa afya, na wataalamu wake hawasemi kwamba kuzeeka vizuri ni kutokuwa na ugonjwa. Wanasema ni mtu kuendelea kuweza kufanya yale anayoyathamini. Kwa kipimo hicho, bibi mwenye presha na kisukari anayekwenda msibani anazeeka vizuri kuliko asiye na ugonjwa wowote aliyefungiwa chumbani na goti.

Wenzangu wa zahanati watanijibu kwamba hatuna muda, benchi limejaa, watoto wana homa. Ni kweli. Lakini swali la "yanakuzuia kufanya nini?" huchukua nusu dakika, na mzee anayerudi kila baada ya wiki 2 kufuata vidonge anakula muda mwingi kuliko huo. Nanyi mnaowasindikiza wazee, msiwasemee kila kitu. Nimeona mara nyingi kijana anajibu maswali yote, mzee ameketi kimya kama mzigo ulioletwa. Mwacheni aseme mwenyewe. Kabla hamjatoka nyumbani, muulizeni ni jambo gani moja angependa kulifanya tena, na mkifika mbele yetu litajeni hilo kwanza.

Yule bibi nilimuuliza, ingawa kwa kuchelewa. Hakusema anataka magoti ya usichana. Alisema anataka kuhudhuria hitima ya shoga yake waliyegonga naye kokoto. Mwanawe alimtengenezea choo cha kigoda, akafanya yale mazoezi ya kiti kwa miezi 2 huku akininung'unikia, akawa anapaka dawa goti badala ya kumeza. Siku ya hitima alibebewa kibao kidogo cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, akakikalia pembeni ya mkeka. Aliniambia wanawake wawili wa rika lake walimwuliza kwa sauti ya chini kama na wao wanaweza kuja na vibao vyao safari ijayo.